Kijana Asiyevuta Pumzi

2 Julai. Presha 14 kwa 8.

Daktari kanipa adhabu: kila asubuhi nipime presha, niiandike kwenye daftari (14 ndiyo 140, sifuri huku tunaila), nimpelekee mwezi wa tisa. Nimenunua daftari la shule lenye picha ya pomboo. Presha inakula mstari mmoja tu, kwa hiyo mistari iliyobaki nitaijaza mimi. Asipopenda asisome. Shule niliiachia darasa la nne, si kwa ujinga. Mwalimu alichoshwa na vidole vyangu kupiga ngoma juu ya dawati. Nikikosea herufi, lawama ni ya dawati.

Mjukuu wangu Yosra kafika leo na feri ya saa nne kutoka Sfax. Ana miaka ishirini na mitatu, na atakaa kwangu mpaka matamasha ya kiangazi yaishe. Kazi yake, nimeambiwa, ni kusikiliza muziki.

"Kusikiliza na kuandika, Babu," akanisahihisha.

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Mimi nimesikiliza miaka sabini na sita bure. Nani nimdai?"

3 Julai. Presha 14 kwa 8. Joto. Hakuna jipya.

5 Julai. Presha 14 kwa 8.

Sasa nimeijua kazi yenyewe. Anaamka saa tatu, wakati mimi nimeshakunywa chai mara mbili na kugombana na jogoo. Anatia vidude vyeupe masikioni, anafumba macho, anatikisa kichwa. Nikimsemesha ananiinulia kidole: ngoja. Kumbe hapo ndipo yuko kazini! Gazeti lake halina karatasi, liko ndani ya simu, linaitwa Sauti Mpya. Mhariri wake, Ghazi, yuko Tunis, na kila jioni hupiga simu kuuliza jambo moja: wamesoma wangapi? Sijamsikia akiuliza: umeandika nini?

Lakini nisimdhulumu mtoto. Jana alikwenda kwa miguu, saa saba mchana, jua la kukaanga yai, mpaka karakana ya mashua kuwasikiliza vijana wanne wanaofanyia mazoezi humo kwa sababu mama zao wamewafukuza majumbani. Walimkalisha juu ya kopo la rangi. Karudi kaungua pua, kafurahi.

"Babu, hawa wana kitu."

"Wana nini?"

"Sijui bado. Ndiyo maana nataka kuandika."

Jibu hilo lilinipendeza, ingawa sikumwonyesha.

7 Julai. Presha 13 kwa 8.

Vijana hao wanajiita Sharfiya, jina la ile mitego ya makuti tunayoisimika baharini hapa kisiwani Karkana. Mmoja ana gitaa, mmoja kinanda, mmoja kompyuta inayonguruma kama tumbo la njaa. Wa nne ni Wajdi, mjukuu wa Nuri, naye anapiga zumari.

Nuri nimepiga naye miaka arobaini, yeye zumari mimi ngoma, na hakuna bibi harusi wa upande huu wa kisiwa aliyetoka kwao bila sisi. Meno yalipomwisha, zumari akamwachia Wajdi. Siku hizi tunacheza karata kila alasiri mkahawani bandarini, naye ananiibia waziwazi.

Leo hakuniibia. Alikuwa na habari: Sharfiya wamealikwa kwenye tamasha kubwa la bara, karibu na Sfax, tarehe 16 Agosti, kwenye ule ukumbi wa kale wa mawe, wapande jukwaani kwa jina lao.

Daktari, wewe mtu wa bara huwezi kujua uzito wa neno hili. Zumari ya kisiwa ikiitwa bara, huitwa kupokea wakubwa. Tunavalishwa vile visketi vyeupe na mikanda myekundu, tunapanga mstari, tunapuliza, mkubwa anapita bila hata kugeuza shingo, tunapewa maji ya chupa, kwaherini. Nimewapokea mawaziri kumi na mmoja. Hakuna aliyeniuliza jina. Na sasa mjukuu wa Nuri atapanda jukwaani, na watu watakaa vitako chini, kimya, wamsikilize!

Nilimwacha Nuri ashinde michezo mitatu.

12 Julai. Presha 15 kwa 9. Jioni hii Sharfiya wanapiga uwanja wa shule. Nuri kanyoa ndevu, kajikata mara mbili.

13 Julai. Presha 14 kwa 8.

Walipiga. Nilikwenda tayari kucheka, nikashindwa. Wimbo wa mwisho Wajdi alisimama katikati, akakivuta kisauti kimoja chembamba, akakizungusha, akakipandisha, akakishusha, dakika tisa na ushee bila kukata. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakajibu. Nuri alilia. Alisema ni moshi wa samaki.

Asubuhi Yosra, uso kaukunja, akaniuliza swali juu ya Wajdi. Nikamjibu, nikaenda kuumwagilia maji mtini.

15 Julai. Presha 17 kwa 10. Mashine imelia yenyewe.

Nimesomewa makala ya mjukuu wangu mbele ya mkahawa mzima. Mwenye mkahawa aliisoma kwa sauti, akitafuna kila neno kama mfupa. Kichwa chake: "Dakika Tisa na Sekunde Arobaini za Uongo."

Anasema alimpima Wajdi kwa saa ya simu, dakika tisa na sekunde arobaini, na hakuna mwanadamu awezaye kupuliza muda huo bila kuvuta pumzi. Anasema nyuma ya jukwaa aliiona kompyuta inawaka, vimistari vinapanda na kushuka. Anasema zumari ilikuwa imerekodiwa, na Wajdi alikuwa anafura mashavu tu kama chura wa maonyesho. Mwezi uliopita mwimbaji mmoja mashuhuri alinaswa mdomo kaufumba huku sauti yake inaendelea kuimba, na tangu siku hiyo nchi nzima inawinda wadanganyifu. Mjukuu wangu naye kaona kapata windo lake.

Mkahawani walicheka. Walidhani ni mzaha! Kisiwa hiki hata kuku anajua mpuliza zumari havuti pumzi kama wewe na mimi. Anajaza upepo mashavuni, na wakati mashavu yanausukuma upepo kwenye zumari, pua inavuta mwingine. Mdomo unatoa, pua inaingiza, kama mlango wa mbele na mlango wa uani. Wanajifunza miaka. Mimi mwenyewe nilijaribu ujana wote nikashindwa, ndiyo maana nikapewa ngoma.

Lakini chini ya makala kuna watu wa bara, maelfu, na hao hawakucheka. Wezi. Matapeli. Rudisheni viingilio. Viingilio gani, mijitu hii? Uwanja wa shule ulikuwa bure!

Mtoto huyu analala chini ya dari ya mtu aliyepiga ngoma nyuma ya zumari miaka arobaini. Futi tatu kutoka kitandani kwake ngoma imetundikwa ukutani!

16 Julai. Presha 16 kwa 10.

Nuri kaja mkahawani, kakaa meza nyingine, kanigeuzia mgongo. Akacheza karata peke yake. Mchezo wa watu wawili, anacheza peke yake, na nikamwona anajiibia.

17 Julai. Upepo wa jangwani. Mchanga ndani ya mkate.

18 Julai. Upepo. Sisemi na Yosra. Namwekea chai, naondoka.

19 Julai. Presha 17 kwa 9.

Barua imefika kwa Wajdi kutoka kamati ya tamasha. Mwenyekiti anaandika Kiarabu kizuri, cha kuvalia suti. Hasemi Wajdi ni mwongo, hasha. Anasema "kwa kuzingatia hali ya sasa," kamati imeona ni busara kuahirisha ushiriki wa Sharfiya. Kuahirisha mpaka lini? Hajaandika. Busara haina tarehe.

Hawakumwita. Hawakumwambia njoo upulize mbele yetu. Wamesoma kwenye simu, wakaandika kwenye karatasi, kijana kaondolewa. Mimi mbuzi wangu nikimuuza naangalia meno yake kwanza!

22 Julai. Presha sikupima.

Leo nimevunja kimya. Yosra alikuwa mezani na vidude vyake masikioni. Nikavichomoa vyote viwili.

"Babu! Nina kazi."

"Kazi hiyohiyo ndiyo nataka tuiseme. Kaa."

Nikamwekea glasi ya maji na bua la mwanzi. Nikamwambia apulize ndani ya maji na asiyaache mapovu yakatike. Alipuliza. Kwa hesabu yangu hakufika hata sekunde kumi na tano. Akatoka macho mekundu, maji puani.

"Haiwezekani," akasema.

"Vaa viatu."

Nikampeleka kwa Nuri. Nuri alifungua mlango nusu, akatuangalia mmoja mmoja.

"Binti aingie. Huyo mwingine abaki nje na mbwa."

Nikabaki nje na mbwa. Lakini dirisha lilikuwa wazi na mimi sina haya. Nikamwona Nuri anaosha glasi, anatia maji, anaweka bua kwenye ule mdomo usio na jino hata moja, na mapovu yakaanza. Yosra akaanzisha saa ya simu. Mapovu yanapanda, Nuri anamtazama tu, tulivu kama mtu anayenyoa. Dakika ya pili. Ya nne. Ya sita Yosra akaigeuza simu uso chini mapajani, akainamisha kichwa. Mzee hakuacha. Akaendelea kumpulizia mapovu mpaka akasema mwenyewe, "Basi, babu, nimeelewa, tafadhali basi."

Njiani nikaanza kuhubiri. Nilikuwa nimejiandaa siku saba. Nikamwambia mwandishi gani huyu asiyeuliza, nikamwambia hata mwizi wa kuku hubisha hodi kwanza. Akasimama katikati ya barabara.

"Nilikuuliza wewe, Babu."

"Lini?"

Akatoa simu, akasoma: "'Mkongwe mmoja aliyepiga katika vikundi vya kisiwa kwa miaka arobaini aliithibitishia Sauti Mpya kwamba pumzi hiyo ni ya mtambo.'" Akanitazama. "Mkongwe huyo ni nani?"

Mwenye mkahawa aliposoma mstari huo wiki ile, nilijifanya napaliwa na chai.

23 Julai. Presha 18 kwa 10.

Niandike, maana usingizi umekataa.

Asubuhi ile ya tarehe 13 Yosra aliniuliza: "Babu, Wajdi anavuta pumzi saa ngapi?" Mimi nikamwambia: "Pumzi ya nini siku hizi, mwanangu? Ni mtambo ule, unabonyezwa tu." Nikacheka, nikaenda kwenye mtini.

Ilikuwa mzaha! Maisha yangu yote ndiyo mzaha wangu. Posta nikiulizwa umri nasema nangoja barua ya uthibitisho. Nani kisiwani angeniamini? Hakuna. Lakini yeye si wa kisiwani. Yeye amekuja hapa na swali, na mtu mzima aliyemwamini kuliko wote kamjibu upuuzi kwa uso mkavu.

Siku nane nimemkasirikia yeye, nikaikasirikia kamati, nikawakasirikia watu wa bara, nikaukasirikia upepo. Leo nimekosa wa kumkasirikia isipokuwa yule anayenyoa ndevu kwenye kioo changu.

Na bado, daktari, sikumtendea haki kwa jambo moja lakini jingine nabaki nalo: nyumba ya Wajdi iko mwendo wa sigara moja kutoka kwangu. Angeweza kumuuliza yeye.

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ndiyo. Ningeweza." Hakujitetea hata kidogo. Ikaniuma zaidi.

27 Julai. Presha 16 kwa 9.

Yosra kaandika makala ya kuomba radhi, ndefu, kajitaja jina. Kampelekea Ghazi. Ghazi kapiga simu, na safari hii nilimwambia Yosra aifungue sauti nisikie.

"Radhi?" anasema Ghazi. "Yosra, watu laki mbili wamesoma. Laki mbili! Niwaambie laki mbili kwamba ni wajinga?"

"Wajinga ni sisi, si wao."

"Sikiliza. Niandikie nyingine, 'Siri ya Pumzi Isiyokatika', kitu cha utamaduni, na picha za bahari. Watapenda. Ile ya kwanza inabaki."

"Zote mbili? Moja inamwita tapeli, nyingine inamwita fundi?"

"Wasomaji watachagua wenyewe."

Nikashindwa kuvumilia. Nikainamia simu. "We bwana, mama yako akiitwa mwizi sokoni, utawaachia wanunuzi wachague wenyewe?"

"Nani huyo?"

"Mkongwe!"

Akakata.

Yosra akaifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akasema hatamwandikia tena Ghazi hata salamu za Idi. Kisha akaiweka ile makala kwenye ukurasa wake mwenyewe. Ina kichwa kifupi: "Nilikosea."

29 Julai. Presha 15 kwa 9.

Mpaka leo waliosoma "Nilikosea" ni mia tatu na kumi na wawili. Laki mbili wamekula uongo, mia tatu na kumi na wawili wamekula ukweli, na nusu yao ni jamaa zetu!

Mimi alinificha. Hakuandika mkongwe alikuwa nani wala kwamba alifanya mzaha. Kaandika tu: "Nilisikia nilichotaka kusikia." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Jina lako liko kwangu. Ukitaka litoke, litoe mwenyewe."

Kisha akaichapa kwenye karatasi, akaipeleka kwa mkono karakana ya mashua. Nilimfuata, nikasimama nje nikijidai natafuta misumari.

Wajdi aliisoma yote, akaikunja. "Dada Yosra, mimi si mtu wa hasira," akasema. "Lakini bibi yangu aliulizwa dukani kama mkate wake nao una betri."

"Nitakwenda dukani."

"Usiende dukani. Nenda kwa kamati."

"Nimewaandikia mara tatu."

"Basi waandikie ya nne." Akachukua zumari akageuka. Hakumfukuza, lakini hakumpa kopo la rangi akalie.

2 Agosti. Presha 18 kwa 11. Nimelazwa sebuleni na dada yangu Mabruka, kwa nguvu.

Mwenyekiti wa kamati kampigia Wajdi simu. Sauti ya asali. Amesoma "Nilikosea", amefarijika mno, siku zote alijua. Bahati mbaya ratiba imeshachapishwa. Lakini kamati, kwa heshima yake kwa urithi wetu, inamkaribisha Wajdi tarehe hiyohiyo, yeye na mpiga ngoma mmoja, wawapokee wageni kabla ya onyesho. Langoni. Na visketi.

Langoni! Wanajua si mwizi, wanajua si mwongo, wamekiri kwa ulimi wao, na bado mahali pake ni pale walipotuweka tangu babu wa babu yangu: mlangoni, tunapuliza, wao wanaingia!

Na kijana kakubali! Kaniambia mwenyewe, dirishani, nimelala.

"Umekubali nini, we punda?"

"Langoni pia kuna watu, Ami Faraji."

Nikamrushia kiatu. Mabruka akaniongezea shuka.

5 Agosti. Presha 15 kwa 9. Kuskusi ya pweza. Sikushiba.

9 Agosti. Presha 15 kwa 8.

Nimekwenda kwa Nuri. Nilibaki nje na mbwa muda wa kutosha, kisha nikasema kupitia dirisha, maana uso kwa uso nisingeweza:

"Nuri. Yule mkongwe wa kwenye gazeti ni mimi. Nilimtania mtoto, yeye akaandika."

Kutoka ndani: "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwenye mkahawa aliposoma. Nani mwingine hapa amepiga miaka arobaini na hajui kupuliza?"

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utachukua siku ngapi. Ishirini na tano, Faraji. Mjukuu wako ilimchukua tano, toka alipoyaona mapovu." Mlango ukafunguliwa. "Ingia. Tarehe 16 ngoma utapiga wewe."

"Nina presha!"

"Na mimi sina meno. Ingia."

Akaniambia walichopanga yeye na Wajdi. Kijijini kwetu kuna adabu moja ya harusi: zumari ikilia kizingitini, hakuna anayeuvuka mlango mpaka mpulizaji akate sauti kwa hiari yake. Hata bwana harusi husubiri. Bara hawaijui, lakini nusu ya Sfax ni watoto wa kisiwa hiki, na adabu hiyo walinyonya na maziwa.

"Na Wajdi atakata lini?" nikauliza.

Nuri akaangalia dari. "Kijana ana mashavu mazuri," akasema.

11 Agosti. Presha 13 kwa 8. Nakaza ngozi ya ngoma juani. Yosra ananishikia kamba. Kauliza kila kamba inaitwaje, na kila jina nililomtajia, kaenda kumuuliza Mabruka kama ni kweli. Vizuri.

17 Agosti.

Mashine niliisahau kisiwani. Naandika kwenye feri ya kurudi, mwandiko umepinda kwa ngoma, si kwa ugonjwa.

Jana mimi, Wajdi na Yosra tulifika kwenye ukumbi saa kumi na moja, jua bado kali. Wakatupa visketi. Wajdi akavikunja vizuri, akaviweka juu ya ukuta, akabaki na suruali yake ya kila siku. Mimi nilivaa changu. Miguu yangu ni mizuri bado, kwa nini niifiche?

Watu walikuwa wameanza kupanga foleni. Lango likafunguliwa. Wajdi akasimama katikati ya kizingiti, akanitazama, nikapiga pigo la kwanza, akapuliza.

Mwanzoni waliokuwa mbele wakataka kupita. Mama mmoja mnene, wa kwetu, namjua ukoo, akanyoosha mkono kama kizuizi cha reli. "Mnakwenda wapi? Hamsikii inalia?" Nyuma yake wengine wetu wakasimama. Wale mia tatu na kumi na wawili, sijui kama ni wao, lakini walikuwa wengi. Watu wa bara, wakiona wenzao wamesimama, wakasimama. Binadamu ni kondoo wa foleni. Dakika tano. Dakika kumi. Foleni ikafika barabarani. Mabega yangu yalikuwa yanawaka moto, na mbele yangu Wajdi, macho kafumba, mashavu mviringo, ile sauti haina mwanzo wala mwisho.

Kijana mmoja wa nywele za mafuta akapaza sauti: "Huyu si yule wa mtambo? Mtambo kauficha wapi leo? Mfukoni?" Wengine wakacheka. Akasogea, akaanza kumpapasa Wajdi mifuko.

Hapo Yosra akatoka kando ya ukuta. Nilidhani atamzaba kofi. Hakumgusa.

"Mfukoni hupati kitu," akamwambia. "Mshike pua."

"Eti nini?"

"Pua. Ibane. Mimi ndiye niliyeandika ya mtambo. Nilikosea. Ibane uone."

Kijana akatazama watu, akaona hawezi tena kurudi nyuma, akambana Wajdi pua kwa vidole viwili. Sauti ikaendelea, ikaendelea, mashavu yakabonyea, ikanywea kama puto, ikafa. Wajdi akafungua macho, mwekundu kama pilipili. Kijana akaachia. Pua ikavuta, zumari ikalia palepale ilipoachia. Sijasikia kicheko kama kile tangu niache kupiga harusini. Kijana mwenyewe alicheka kuliko wote, akaomba ajaribu tena.

Mtu wa mbele akasema kwa kuwa sauti imekata, sasa tupite. Yule mama mnene akamwambia, "Hakukata. Amekatwa. Haihesabiwi. Rudi nyuma!"

Dakika ishirini na nane kwa saa ya Yosra ndipo mwenyekiti alipotoka. Suti ya rangi ya maziwa, jasho. Ndani mawe matupu, msanii mkubwa anauliza watu wako wapi, mgeni rasmi yuko ndani ya gari barabarani na gari halipiti.

"Vijana, vijana, imetosha, asanteni sana," akasema. Wajdi akaendelea. "Mnataka nini hasa?" Wajdi akaendelea. Mwenyekiti akakaribia sikio lake, lakini ilibidi apige kelele, kwa hiyo wote tukasikia: "Haya! Ingieni! Nawapa dakika kumi jukwaani, kabla ya mgeni rasmi!"

Wajdi akakata. Kwa hiari yake, taratibu, sauti ikashuka mpaka chini kabisa na kulala. Nikapiga la mwisho.

"Sharfiya ni watu wanne, bwana," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Watatu mliwaambia wasipande feri. Gitaa liko kisiwani, kinanda kiko kisiwani. Mimi nimealikwa langoni, na langoni nimeshapiga." Akaifuta zumari kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko wake.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Dakika kumi za jukwaa! Miaka arobaini ningezipigia magoti dakika kumi zile. Lakini nikaangalia watu. Walikuwa wanampisha njia, na hakuna aliyekimbilia kuingia ndani.

Mwenyekiti akaona hivyo pia. Akamgeukia Yosra, kamtambua kwa daftari mkononi. "Binti, wewe ni mwandishi. Andika kwamba tulimwalika. Andika tulimheshimu."

Yosra akafungua ukurasa mpya. "Nitaandika, bwana. Nataka maneno yako mwenyewe, safari hii nisikosee. Mlimwalika apige wapi?"

"Kwenye tamasha."

"Tamasha ni kubwa. Wapi kwenye tamasha?"

Mwenyekiti akalegeza tai. Muuza mbegu za alizeti aliacha kuita.

"Langoni," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtajia mfamasia ugonjwa wake.

"Samahani, rudia kidogo," Yosra akasema, kalamu juu ya karatasi. "Babu yangu hasikii vizuri."

Masikio yangu ni mazima kuliko ya paka. Nikaweka kiganja nyuma ya sikio, nikainama mbele.